Kitabu cha sauti kwa mtoto mdogo: mchague msomaji kwanza

Wazazi wa watoto ninaowasomesha hapa Wete, Pemba, huniuliza jina la kitabu cha sauti. "Mwalimu, nimpakulie kipi?" Nami huwauliza: umeshamsikia anayekisoma? Mtoto wa miaka minne au mitano hamjui mtunzi wala hana habari na sifa za kitabu. Anachokutana nacho ni sauti ya mtu. Ikimkataa, hadithi iwe nzuri vipi, mara ameshatoka nje kucheza. Ikimkubali, ataitaka hadithi ile ile leo, kesho na keshokutwa, na atakuwa na maneno yake mdomoni kabla hujajua ameyapata wapi. Kwa hiyo hapa nitaanza na sauti, vitabu vitafuata.

Pa kuanzia kutafuta ni LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti. Ni kazi ya watu wa kujitolea, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Watu wa nchi mbalimbali hukaa majumbani mwao wakasoma kwa sauti vitabu ambavyo haki zake za kunakili zimeshakwisha kwa sheria ya Marekani, kisha wakavitoa bure. Kule kitabu cha zamani hutoka kwenye haki baada ya miaka 95 tangu kilipochapishwa, ndiyo maana vya watoto utakavyovikuta ni vya kina Beatrix Potter, Kipling, Collodi, wale ndugu wawili Grimm, na hekaya za Aesop. Jambo la pili wengi hawalijui: wasomaji wenyewe nao wameachia haki za sauti zao. Faili lao unaweza kulinakili, kulipiga darasani, kumtilia jirani kwenye kadi yake, na hujamdhulumu mtu. Kwetu hili si dogo, maana memori kadi moja huzunguka nyumba baada ya nyumba mpaka mwenyewe asijue iko wapi.

Ipo pia tovuti ya Storynory ya Uingereza, nayo ya tangu 2005. Sauti zake zimerekodiwa vizuri, na hadithi nyingi zina maandishi yake pembeni, mtoto mkubwa kidogo akafuatisha kwa kidole. Lakini hizo zina wenyewe. Sikiliza bure, usizigawe kwenye makadi.

YouTube utazikuta rekodi nyingi zilizochukuliwa LibriVox. Sikushauri. Hadithi imefika pale sungura amenasa kwenye wavu, linaingia tangazo, na ikisha tu inajiwasha video nyengine ambayo hukuichagua wewe. Faili lililokaa kwenye kadi halina tangazo la biashara, halili bando, na likisha linanyamaza.

Sasa sauti. Ukifungua ukurasa wa kitabu LibriVox utaona sura zake, jina la msomaji wa kila sura, na muda wake. Kitabu kimoja mara nyingi kina rekodi kadhaa za watu tofauti, kwa hiyo usikate tamaa kwa ya kwanza. Kwa mtoto mdogo tafuta iliyosomwa na mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho. Zipo za kundi, sura hii mzee wa Kimarekani, inayofuata kijana wa Australia. Mtu mzima atastahamili, mtoto hatoelewa kwa nini bibi aliyekuwa akimhadithia jana leo amegeuka mwanamume. Zipo na za mchezo, kila mhusika na msomaji wake. Hizo nzuri kwa wa darasa la nne na tano, ila sauti za wasomaji hazilingani ukubwa, mmoja ananong'ona mwengine anakupigia kelele, na utakuwa na kazi ya kupunguza na kuongeza.

Kila faili linaanza kwa tangazo la Kiingereza kwamba hii ni rekodi ya LibriVox. Liruke. Usimpime msomaji kwa dakika ya kwanza, kwa sababu mwanzo kila mtu anasoma kwa adabu. Nenda katikati, pale wanyama wanapozungumza. Je, mbweha anasikika mbweha? Mama anapoita, sauti inaita au inasoma tu maandishi? Sikiliza pia anapumzika wapi. Msomaji mzuri wa watoto huacha nafasi baada ya jambo kubwa, mtoto akapata kushangaa. Anayekimbiza hadithi mpaka mwisho kama mwenye gari linamsubiri, muache, hata kama lafidhi yake ni ya kupendeza. Watoto wetu wana Kiswahili cha nyumbani na Kiarabu cha chuo cha Kurani, Kiingereza kinakuja cha tatu. Wanahitaji mtu wa pole pole.

Jaribu kwenye kifaa kile kile atakachosikilizia mtoto. Wewe ukiwa na spika za masikioni kila kitu ni kizuri. Redio ndogo ya kuchomeka kadi haitoi sauti nzito, kwa hiyo mwanamume mwenye sauti ya chini kabisa atasikika kama anasemea ndani ya mtungi, na mwenye kusoma chumba kitupu atakuwa na mwangwi usiomalizika. Washa feni, fungua dirisha, kaa mbali hatua chache. Ukipoteza neno moja katika kila sentensi, mtoto anapoteza matatu.

Kipimo changu nikipendacho nakipata msimu wa karafuu. Usiku nyumbani kwetu tunakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule, vidole vyeusi vinanata utomvu, harufu imejaa mpaka kwenye nguo. Watoto nao wanachambua, kila mmoja na kirundo chake. Redio naiweka katikati ya mkeka na sisemi kitu. Msomaji asiyefaa, watoto wanaendelea kuchambua na kuzozana nani kachukua karafuu za nani. Msomaji anayefaa, utaona mikono inapungua mwendo. Mtoto wa ndugu yangu, ana miaka mitano, hushika kishada kimoja cha karafuu juu ya goti, kidole gumba kiko tayari kukonyoa, na hakikonyoi. Macho yako kwenye redio kana kwamba mtu atatoka mle. Hapo jina la msomaji naliandika kwenye daftari, nikirudi kwenye mtandao natafuta kila alichosoma yeye, chochote kile. Ndiyo njia ya mkato niliyonayo: ukishampata msomaji mmoja mzuri, umepata vitabu vingi kwa pamoja.

Urefu. Kwa wa miaka minne na mitano tafuta kisichozidi dakika kumi. Kile kisa cha sungura Peter cha Beatrix Potter, cha mwaka 1902, kikisomwa kwa utaratibu hakifiki dakika kumi, na hekaya nyingi za Aesop zinaisha kwa dakika moja au mbili. Wa miaka saba unaweza kumuanzishia kitabu cha sura, sura moja kila usiku. Kile cha mchawi wa Oz, cha 1900, kina sura 24 na huchukua kama saa nne kukimaliza chote. Kwa kusikiliza baada ya Isha, hicho ni karibu mwezi mzima wa hadithi.

Bando: chukua faili la kiwango cha 64 (64kbps, ndiyo ubora wa sauti), usichukue la 128. Kwa sauti ya mtu anayesoma tofauti ni ndogo sana, na kwenye redio ya kadi hutoisikia kabisa. La 64 linakula karibu MB 29 kwa saa moja ya kusikiliza, la 128 mara mbili yake. Kitabu kizima hupakuliwa kwa mkupuo mmoja kikiwa kimefungwa kwenye faili la zip, lakini kwa mtoto mdogo ni afadhali upakue sura moja moja baada ya kuzisikiliza.

Na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Zisikilize mwenyewe kwanza, zote, mpaka mwisho. Neno "kitabu cha watoto" la miaka mia iliyopita si neno letu la leo, na LibriVox hawapunguzi kitu, wanasoma kama kilivyoandikwa.

Mfano, kile kitabu cha kijana wa mbao, Pinocchio, cha Collodi, kilichotoka kuwa kitabu mwaka 1883. Watu wanakijua kwa katuni, wanadhani ni pua inayorefuka tu. Ndani ya kitabu chenyewe, sura ya nne, anamtupia nyundo yule chenene anayemnasihi na kumuua. Sura ya 15 wanamtundika mtini. Mtoto wa miaka tisa atakipenda sana, wa miaka mitano hatolala. Hadithi za kina Grimm ni hivyo hivyo: katika ile ya msichana wa majivu, ndugu zake wa kambo wanakata kidole na kisigino ili kiatu kiwaingie, na mwisho njiwa wanawatoboa macho. Hata yule sungura Peter, mama yake anawaambia watoto mapema kabisa kwamba baba yao aliingia kwenye bustani ile akaishia kupikwa. Hili la mwisho mimi sina tatizo nalo, hadithi zetu zina makali zaidi ya hayo. Lakini nataka nijue kabla, niwe nimekaa karibu, mtoto akiuliza nina jibu.

Kuna kinachoniuma zaidi, nacho ni dharau kwa watu weusi. Kipling katika hadithi zake za wanyama za mwaka 1902 ana ile ya chui alivyopata madoa. Ni hadithi tamu, ina mdundo mzuri wa kusomwa kwa sauti, na karibu na mwisho linaingia tusi la mtu mweusi, limetamkwa kama neno la kawaida. Kile cha Daktari Dolittle, cha 1920, kina mtoto wa mfalme wa Kiafrika anayetaka uso wake ufanywe mweupe ili afanane na wana wa wafalme wa hadithini, na daktari anamchanganyia dawa ya kuchovya uso. Sitaki mtoto wangu wa Pemba, anayejiangalia kwenye kioo asubuhi akijipaka mafuta, aingiziwe hilo na sauti tamu ya usiku. Cha Dolittle sikiweki kwenye kadi. Za Kipling nachagua: ile ya tembo alivyopata mkonga naiweka, ya chui naiacha mpaka mtoto awe mkubwa wa kukasirika mwenyewe.

Nguruwe, ulevi na uchawi vimo vile vile, na kila nyumba ina mpaka wake. Kama unamchagulia mtoto wa mwenzio, muulize mzazi. Ni swali la dakika moja.

Kuhusu lugha: Kiingereza chenyewe kisikutishe, ila usimtupie mtoto peke yake. Mimi huhadithia kwa Kiswahili kwanza, hadithi yote, usiku mmoja. Kesho yake ndiyo nawasha redio. Mtoto anajua tayari kwamba sungura atapoteza koti na viatu, kwa hiyo masikio yake yana kazi ya kutafuta lini litakuja neno la koti, na anapolipata unamuona anafurahi. Aesop anafaa sana kwa kuanzia kwa sababu hadithi zake kadhaa watoto wameshazisikia kwa njia nyengine, kama ile ya sungura na kobe. Waliopita vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, wanajua mtoto mdogo anavyofundishika kwa redio: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja. Kitabu cha sauti hakinyamazi chenyewe. Wewe ndiye wa kubonyeza kisimame. Simamisha pale mlango unapogongwa, uliza nani anagonga, ngoja majibu, kisha endelea. Mara mbili tatu katika hadithi zinatosha, ukizidisha unaiua.

Mzazi ataniambia, na ana haki, kwa nini mtoto wa Kipemba asisikilize vya kale vya kwao? Vipo. Edward Steere, mmishenari aliyekuja kuwa askofu huku Zanzibar, aliandika hadithi alizohadithiwa na watu wa Unguja, akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Kitabu kinapatikana bure Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Mwaka 1901, huko Chicago, George Bateman akatoa kitabu cha hadithi za Zanzibar kwa Kiingereza chepesi cha watoto, nyingi zikiwa ni zile zile, na maandishi yake yapo bure Project Gutenberg, nayo maktaba ya mtandaoni. Ndani yake Kiswahili kimeandikwa kwa masikio ya Kimarekani, utakuta sungura anaitwa Soongoora, lakini wanyama ni wetu.

Humo mna kisa cha kima na papa: mkuyu umeinamia bahari, kima anamtupia papa matunda, urafiki unakolea, mwisho papa anamchukua mgongoni kumpeleka kwao na katikati ya safari anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Mna na kisa cha Goso mwalimu, anayesomesha watoto chini ya mti mpaka tunda likamuangukia kichwani akafa. Watoto wanakwenda kumtafuta aliyeliangusha. Kusi ndiye wa kwanza kushitakiwa, naye anasema angekuwa na nguvu kubwa hivyo asingezuiwa na kiambaza. Kiambaza anamtaja panya anayemtoboa, panya anamtaja paka, wanakwenda mpaka kwa kamba, kisu, moto, maji, na mbele zaidi, mpaka wanamfikia paa. Kwa mtoto wa miaka minne sijaona hadithi iliyo bora kuliko hiyo. Inajirudia, kila mara inaongeza mmoja, na kusi anamjua: ndio upepo unaozuia ngarawa za kina babu yake.

Za namna hii hutozikuta zimesomwa kwa Kiswahili kwa wingi huko kwenye mitandao, kwa hiyo tuzisome sisi. Haki za kitabu cha Steere zimekwisha zamani, na LibriVox wanapokea rekodi za lugha yoyote. Kwenye tovuti ya African Storybook nako kuna vihadithi vingi vya Kiswahili vya siku hizi, vilivyotolewa kwa leseni huria, vinavyosomeka kwa sauti kwa dakika tatu nne. Na kama nyumbani kuna bibi anayejua, usimpe kitabu kabisa. Muache ahadithie anavyojua.

Kumrekodi hakuhitaji studio. Simu ya kawaida ina programu ya kurekodi sauti. Chagua chumba chenye godoro, mapazia na nguo, kwa sababu vitambaa vinakunywa mwangwi. Feni uizime, simu uitie kwenye hali ya ndege isiite katikati. Iweke juu ya mto, kama shubiri mbili kutoka mdomoni, ubavuni kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja. Wakati mzuri ni baada ya Isha: jogoo wamelala, bodaboda zimepungua, adhana haitoingia katikati. Mweke mtoto mmoja mbele yake. Hili usilipuuze, maana bibi anayeiambia simu anasoma risala, na bibi anayemwambia mjukuu anahadithia. Akisema "Paukwa," mtoto aitikie "Pakawa," na uiache sauti ya mtoto ndani ya rekodi, kwa sababu watakaosikiliza nao wataitika. Akikosea asirudi mwanzo, aseme tena sentensi ile na aendelee. Mikwaruzo midogo haimsumbui mtoto.

Muombe ruhusa kabla hujaigawa, na umuulize kama anataka jina lake litajwe. Wengine wanapenda, wengine wanaona haya, na sauti ni yake.

Mwisho, majina ya mafaili. Redio za kadi hupanga kwa namba au kwa herufi, na mtoto hawezi kutafuta. Anza kila jina kwa tarakimu mbili, 01, 02, 03, kisha jina la hadithi, kisha jina la msomaji. Za usiku zitie kwenye folda yake peke yake na usichanganye na kasida wala taarabu, isije hadithi ikamalizika, mtoto amesinzia, na ngoma ikaingia. Kadi hufa bila ya kuaga, kwa hiyo nakala moja ibaki kwenye simu, moja kwenye kompyuta ya skuli au ya jirani, na za bibi mpelekee na ndugu aliyeko Unguja au Maskati, azihifadhi huko.